Siye huyo: shajara ya kumchora nunda

4 Januari

Penseli tatu (HB, 2B na 4B), kichongeo, na daftari la karatasi nyeupe lisilo na mistari. Nimenunua karibu na soko la Majengo. Muuzaji akaniuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Nikamwambia la tano, nikalipa, nikaondoka zangu. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba mtoto mwenyewe ni mimi, na nina miaka 41.

Mradi ni huu. Mama anaijua hadithi ya nunda mla watu, yule paka aliyegeuka dubwana, kama alivyoisikia Tanga utotoni. Nataka tuirekodi kwa simu iwe mchezo wa redio: mama asimulie, mpwa wangu atoe milio, nami nichore picha kumi na mbili ambazo msikilizaji atakuwa anazifunua moja moja huku sauti ikiendelea. Tarehe ya kumaliza sijaiweka. Nazijua tarehe zangu.

5 Januari

Nimechora paka. Nimemfuta. Nimemchora tena.

Kwa kazi mimi ni mchora ramani. Tangu serikali ihamie huku na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, pori lisilo na bikoni limekuwa adimu, na mimi kutwa niko kwenye kompyuta nikifunga mipaka ya viwanja. Mstari ukikosea, nabonyeza kitufe, unafutika kama haukuwahi kuwepo. Mkono umelelewa hivyo miaka mingi. Paka wa leo ana mgongo ulionyooka kama barabara ya mtaa mpya, na miguu yake minne imesimama kwenye pembe zake barabara. Mpwa akamtazama weee, mwisho akasema, "Mjomba, hiki kiwanja mbona kina masikio?"

12 Januari

Leo sijachora. Nimekaa barazani na mama tukazungumzia redio, nami nataka niyaandike haya kabla hayajanitoka, maana mradi ulianzia huko.

Baba alikuwa mfanyakazi wa Reli ya Kati. Redio yetu ilikuwa ile ndogo iliyoitwa ya mkulima. Betri zikichoka mama alizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa jioni moja zaidi, kwa hiyo nyumbani kwetu redio haikuwashwa ovyo. Iliwashwa kwa taarifa ya habari, na iliwashwa kwa kipindi cha Mama na Mwana. Debora Mwenda alipoanza kusimulia, sisi watoto tuliikodolea macho redio yenyewe, tukiamini kwamba tukivumilia kidogo tu jini atachungulia kwenye vitundu vya spika.

Picha nilizipata kwa kinyozi. Alikuwa na rundo la magazeti ya katuni ya Sani yaliyokatika kurasa, wahusika wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili wamejaa nywele za wateja. Nilijipeleka kunyolewa kabla nywele hazijaota. Kwenye benchi lile ndipo nilipojifunza kwamba harufu mbaya huchorwa kwa mistari ya mawimbi, na kofi huchorwa kwa nyota.

Halafu ikaja Julai 1993. Redio Tanzania ikaanza kurusha Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, habari za Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia na wanawake, na mkewe Tunu. Nchi nzima ikasikiliza, sisi wa Dodoma tukapigiwa muziki. Kituo cha hapa saa hiyo kilikuwa na kipindi kingine, na watu wazima walisema ni mitambo. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba ilikuwa makusudi kabisa. Watafiti walitaka kupima kama mchezo wa redio unaweza kubadili mienendo ya watu katika uzazi wa mpango na UKIMWI, na ili wapate cha kulinganisha walihitaji mahali pasiposikia. Hapo mahali palikuwa kwetu. Tulisubiri mpaka 1995.

Kilichotuokoa ni binamu yangu wa Morogoro, aliyekuja likizo na mchezo wote kichwani. Alikuwa msimulizi mbaya kupita kiasi: anaruka mbele, anarudi nyuma, anasahau nani mke wa nani. Mimi nina miaka tisa, UKIMWI sijui ni nini, na sielewi kwa nini wakubwa wakeshe na habari za dereva wa lori. Basi palipokuwa na pengo nikapajaza mwenyewe, kwenye daftari la hesabu. Lori likaota meno. Taa zikawa macho yanayopepesa. Mkwaju nikampa kichwa cha mkwaju wenyewe, tunda lenye mafundo mafundo, na kila alipofunga breki lilidondoka ganda. Lori likawa linakula miji iliyo kando ya barabara: limemeza Gairo, limemeza Kibaigwa, linakuja Dodoma.

Mwaka 1995 tuliposikia mchezo wenyewe, Mkwaju alikuwa na sauti ya mtu. Nilikasirika hata nikatoka nje. Nikaendelea na wangu, mpaka siku moja kidato cha pili mwalimu alipolichukua daftari katikati ya kipindi. Sikulidai, na sikununua jingine.

Mama leo ananiambia kwamba yeye lile lori analikumbuka. "Lilikuwa na masharubu," anasema. Halikuwa na masharubu. Lakini sasa ninapoandika ninaliona lina masharubu.

26 Januari

Kwa asiyeijua hadithi: Sultani Majnun ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakuja kushitaki, sultani anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi, jibu lile lile. Anaanza kula watu, jibu lile lile. Siku anayokula watoto wa sultani ndipo sultani anakubali kwamba huyo si paka tena, ni nunda. Mwanawe mdogo, yule wa kukaa jikoni ambaye hakuna aliyemtegemea, anaingia mwituni kumtafuta. Kila anachokiua anakirudisha nyumbani akiimba, "Mama, nimemuua nunda mla watu," na mama yake anamwitikia, "Mwanangu, siye huyo." Kwanza mbwa, kisha ngawa, kisha punda milia, twiga, faru, tembo. Siye, siye, siye.

Mwingereza Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, aliiandika hadithi hii kwa Kiswahili cha Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Mama hajakiona kitabu hicho. Yake aliipokea kwa bibi yake, gizani, wakipukuchua mahindi.

Nimechora nunda wa kwanza. Meno ya msumeno, mbawa za popo, moshi unatoka puani. Nilijivunia hasa ule moshi. Nikampelekea mama, shikamoo kwanza, nikiwa mpole kama mtu aliyekuja kukopa. Akavaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaisogeza karibu.

"Siye huyu, baba. Huyu umemwona kwenye televisheni."

Ni kweli nilimwona kwenye televisheni.

9 Februari

Nunda wa pili: "Siye. Huyu fisi."

Wa tatu: "Huyu si mbwa wa hapo jirani?"

Wa nne sikumwonyesha. Nikamuuliza, basi mama, niambie yukoje. Akafikiri kidogo. Masikio madogo. Mpana, lakini si mrefu. Ana mabaka kama ngawa. Mkia mnene. Nikamsubiri aendelee, kumbe amemaliza.

Nimelinganisha na maandishi ya Steere: ni mambo hayo hayo. Masikio madogo, upana, mabaka mawili, mkia mnene. Zaidi ya miaka 150, kutoka mdomo hadi mdomo, na hakuna aliyethubutu kumwongezea nunda hata pembe moja. Nikiyaunganisha yote kwenye karatasi napata paka aliyeshiba. Hamna cha kutisha. Nimekaa na jambo hili siku tatu sasa. Nadhani kosa langu ni kutafuta hofu kwenye mwili wa mnyama, wakati hadithi imeiweka kwenye kile kiti ambacho sultani amekaa akisema "paka ni wangu."

2 Machi

Siku ya milio. Mpwa ametayarisha kila kitu bila kutumwa, jambo ambalo halijawahi kutokea akiwa na kazi za shule.

Mvua: mchele unaomwagwa polepole kwenye sinia. Radi: kipande cha bati kilichoshikwa pembe mbili na kutikiswa. Moto: karatasi ya nailoni ya biskuti ikifinyangwa karibu na simu, lakini si karibu mno, la sivyo unapata moto wa mji mzima. Kwato za punda milia: vifuu viwili vya nazi juu ya mchanga uliotandazwa kwenye trei. Tulijaribu sakafu tupu, punda wetu akawa amevaa viatu vya kisigino.

Ngurumo ya nunda ndiyo iliyotushinda. Mpwa alinguruma mpaka akakohoa, na tulipousikiliza tukakuta ni mbuzi. Tukakokota kinu kwenye saruji. Kinu kikalia kama kinu. Mama alikuwa kimya pembeni anachambua mboga. Mwisho akasema, "Nunda halii."

"Sasa bibi, watu watajuaje amekuja?"

"Kuku wananyamaza."

Basi tumeandika upya. Kwenye rekodi kuna majogoo, kuna mtwangio, kuna mtoto analia mbali, na vyote vinakatika kimoja kimoja. Tunarekodi baada ya saa tano usiku, kwa sababu kabla ya hapo bodaboda wa mtaa huu nao wana mchezo wao wa redio.

Jambo jingine nililoligundua leo: nilianza kuchora huku rekodi inacheza, bila kuisimamisha. Dakika mbili kwa kila picha, raba nimemkabidhi mpwa aifiche. Mistari imetoka michafu, imepishana, miguu ya punda milia ni sita. Lakini punda anakwenda. Ni mara ya kwanza kitu changu kinakwenda tangu lile lori. Nikitazama picha ya mtu mwingine mkono unataka kunakili, nikisikiliza hauna cha kunakili, unalazimika kubuni.

6 Aprili

Penseli ni nyembamba mno kwa usiku. Nilijaribu mkaa wa jikoni, ule wa gunia: mgumu, unakwaruza, unachana karatasi. Kisha nikakumbuka kwamba wachoraji wa Ulaya tangu zamani walitumia mkaa wa vijiti vya mzabibu. Nikacheka peke yangu ofisini. Mimi ninaishi Dodoma. Hapa mzabibu tunaukanyaga.

Mavuno yamekwisha, watu wanapogoa, vijiti vimelundikwa kando ya mashamba vikisubiri kuchomwa. Mzee mmoja alinipa mzigo mzima bure, akanitazama hadi nilipopotea barabarani.

Namna ya kutengeneza, kwa atakayetaka: chagua vijiti vya unene wa penseli, menya gamba, anika siku kumi hivi vikauke. Vikate urefu wa kopo la maziwa ya unga, vipange vibanane. Funika kopo, toboa kifuniko tundu moja dogo la msumari, weka kwenye moto mkali. Tundu litatoa moshi mweupe kwa nguvu. Moshi ukikatika kabisa, ipua. Na hapa ndipo penye subira: usifunue mpaka kopo liwe baridi la kushika kwa mkono. Hewa ikiingia mapema vijiti vinawaka upya.

Kopo la kwanza nilifunua mapema. Nikapata majivu mazuri sana, laini.

Kopo la pili nililala nalo. Asubuhi vijiti vyeusi tii, vyepesi, ukivigonganisha vinalia kama kigae. Kwenye karatasi vinateleza kama siagi. Weusi wake unasambazwa kwa kidole, na ukitaka mwanga unautoa kwa kuondoa weusi kwa kitonge cha mkate. Nimechora mwitu mzima kwa robo saa. Kisha nikapitisha kiwiko juu yake nikaufuta nusu. Kuna dawa ya nywele ya kupuliza ambayo mke wangu alikuwa anaitafuta. Nayo inashika mkaa vizuri sana kwenye karatasi. Mazungumzo yetu ya jioni hayahusu mradi huu.

20 Aprili

Kijiti kilivunjika katikati ya mstari wa mgongo wa faru, kikaacha doa chini ya tumbo. Nilitaka kuichana karatasi. Nikakumbuka kisa kinachosimuliwa kuhusu Samaki Likankoa, mchongaji wa Kimakonde, kwamba sanamu aliyokuwa akiichonga ilivunjika mkono, badala ya kuitupa akaigeuza ikawa shetani, na mtindo mzima wa sanamu za mashetani ukachipuka hapo. Nimeliacha doa. Sasa faru ana kivuli ambacho si chake. Tembo na mbwa wamekwisha. Twiga anakataa kuingia kwenye karatasi.

14 Juni

Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya kale ya miambani. Nilikuwa naahirisha safari hii tangu nikiwa kijana, jambo la aibu kwa mtu wa mkoa huu. Tumepanda basi la Babati alfajiri, mimi na mpwa, tukashuka na vumbi letu, tukachukua mwongozaji kwenye ofisi ya mambo ya kale, tukaanza kupanda kilima cha Mungumi.

Michoro hii ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mapango yenye michoro yanazidi 150. Hayo nilikuwa nayajua kwa kuyasoma. Nisichokijua ni jinsi picha zilivyo ndogo. Nilitarajia ukuta uliojaa. Nikakuta jabali kubwa lililoinama, kisha jicho likaanza kuzoea, na hapo ndipo watu wekundu walipojitokeza mmoja mmoja, warefu, wembamba kama mabua, vichwa vyao vimefuka kama moshi au nywele au kofia, hakuna anayeweza kusema. Juu yao wamo wanyama, na juu ya wanyama michoro meupe minene ya watu wa baadaye, mmoja kamchorea mwenzake juu bila kuomba radhi. Hakuna aliyekuwa na raba huku.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa kwenye mapango haya mwaka 1951 akinakili picha kwa kuzifuatisha juu ya karatasi angavu. Nilimfikiria sana, kwa sababu hiyo kazi ya kufuatisha mistari ya mwingine bila kuongeza wala kupunguza ndiyo kazi ninayolipwa mimi. Nilikuwa nimebeba karatasi angavu kwenye begi, na mwongozaji akanikataza kugusa mwamba, na alikuwa na haki. Nikakaa chini, nikafungua daftari.

Mpwa ndiye aliyeliona. "Mjomba, hawana sura."

Hawana. Wale warefu wekundu nilioweza kuwaona hawana macho, pua wala mdomo. Wana mabega, wana mwinamo wa kiuno, wana mikono iliyoshikana au inayovuta kitu. Unajua wanafanya nini na hujui ni nani. Mwongozaji akatuambia kwamba watu wa huku bado wanapanda hapa kufanya matambiko, akatuonyesha mahali penyewe, kisha akanyamaza. Upepo ukapita chini ya jabali ukatoa sauti, na mpwa, nakumbuka, alitoa simu akarekodi dakika nne za upepo ule. Tumeutumia. Ndio mwitu wa nunda sasa, hatuhitaji bati tena.

Kwenye basi la kurudi nilifuta sura ya mtoto wa sultani kwenye picha zote tano nilizozimaliza. Mkate wa ngano wa Kondoa unafuta vizuri.

15 Juni

Mgongo unauma. Vidole havinyooki. Nimechora kurasa kumi na nne na nimezipenda mbili.

7 Julai

Sabasaba, ofisi imefungwa, na baridi ya Dodoma imeanza ule upepo wake wa kukata masikio. Nimechora nunda wa tisa.

Nilifanya hivi: niliwasha rekodi kuanzia pale majogoo yanapoanza kukatika. Sikumfikiria mnyama. Nikachora baraza la sultani, nguzo, mkeka, birika la kahawa limeanguka. Nikamchora sultani amekaa, bila sura kama wale wa Kolo, mkono wake wa kulia unaning'inia kandoni mwa kiti na kiganja kimefunguka, kama unavyompapasa mnyama aliyelala chini. Hapo rekodi ikafika kwenye ukimya, nami mkaa ukafika ukingoni mwa karatasi. Nikaacha. Kilichoingia kwenye picha ni mkia tu, mnene, umejikunja kuzunguka mguu wa kiti.

Nikampelekea mama jioni. Mpwa alikuwa amekwisha kumnong'oneza kwamba huyu ndiye. Akavaa miwani. Mbali, karibu. Akaiweka karatasi mapajani, akaiangalia muda mrefu kuliko zote zilizotangulia.

"Mwambie aondoe mkono," akasema.

Nikamuuliza kama ndiye. Akasema chai inapoa.

3 Agosti

Sauti imekamilika: dakika 22, pamoja na mahali ambapo mama alicheka na tukakataa kukata. Picha zilizokwisha ni tisa. Zimebaki twiga, punda milia (yule wa miguu sita nataka kumrudia, abaki na sita) na nunda wa mwisho, akiwa ameuawa, ambaye sijui kama anapaswa kuonekana. Mpwa anataka aonekane. Anasema haiwezekani watu wasikilize dakika 22 halafu waonyeshwe mkia.

Mkaa umebaki vijiti vinne. Zabibu za msimu huu zinaanza kuiva, kwa hiyo hakuna atakayepogoa kabla ya mavuno. Nimerudi kwa yule mzee kumuuliza. Akaniuliza mzigo ule wa kwanza niliupeleka wapi, nikamwonyesha picha ya faru kwenye simu. Akaivuta kwa vidole viwili, akatazama lile doa chini ya tumbo.

"Na huyu mwingine hapa chini," akaniuliza, "ni nani?"